Krete kwa majira yake: Mei au Oktoba, Juni au Septemba, na Agosti kwa asiye na hiari

Anayetafuta mwezi wa kwenda Krete, kisiwa cha Ugiriki, huanza kwa kutazama joto la hewa, na hapo ndipo anapopotea. Mei na Oktoba katika mji wa Heraklion zina joto la mchana linalokaribia kulingana, nyuzi 23 au 24 za Selsiasi. Mtu akiishia kwenye namba hiyo atasema miezi hii ni mamoja, basi achukue ule ambao tiketi yake ni nafuu. Kumbe ni safari mbili zisizofanana hata kidogo. Wa Mei atakuta mabonde ya kijani, maua hadi kando ya barabara, theluji iliyobaki kwenye vilele, na bahari ya nyuzi 19 au 20 ambayo mtu aliyekulia Tanga au Malindi ataingia mara moja na kutoka mbio. Wa Oktoba atakuta bahari ya nyuzi 23, iliyotunza joto la kiangazi chote, lakini nchi imekauka, jua linazama mapema, na mvua inaweza kumwagika siku moja kama iliyokuwa ikisubiri tangu Mei.

Ulinganisho huu ni wa wasomaji wa namna mbili: wanaoondoka Afrika Mashariki kwa safari ya mara moja iliyowekewa akiba ya muda mrefu, na ndugu zetu waishio Ulaya na Ghuba, ambao kwao Krete ni mwendo wa saa chache angani. Msimamo wangu nautoa mapema. Kwa watu wengi, nusu ya pili ya Septemba inazishinda siku nyingine zote za mwaka. Kwa anayekwenda kutembea milimani, ni Mei. Agosti ni ya yule ambaye likizo ya shule haimwachii nafasi nyingine, na hata yeye ana njia ya kuipanga akafurahi.

Kwanza kisiwa chenyewe. Krete ni kikubwa kuliko visiwa vyote vya Ugiriki, kirefu cha takribani kilomita 260 kutoka magharibi hadi mashariki, lakini chembamba. Uti wake wa mgongo ni milima: Lefka Ori, yaani Milima Myeupe, upande wa magharibi, Psiloritis katikati, wenye mita 2,456, na Dikti mashariki. Milima hiyo inaigawa hewa ya kisiwa mara mbili. Pwani ya kaskazini, yenye miji ya Chania, Rethymno na Heraklion, inapokea upepo wa Bahari ya Aegean moja kwa moja. Pwani ya kusini inaitazama Bahari ya Libya na ina kinga ya milima mgongoni. Siku hiyohiyo moja, kaskazini kunaweza kuwa na bendera nyekundu ya kuzuia kuoga ufukweni na kusini maji yametulia, au kinyume chake. Kwa hiyo kuchagua mwezi ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kuchagua pwani.

Haya ni makadirio ya wastani kwa Heraklion, kaskazini:

| Mwezi | Mchana (nyuzi) | Usiku (nyuzi) | Bahari (nyuzi) | Mvua (mm) | Mwanga wa siku (saa) |
|---|---|---|---|---|---|
| Januari | 15 | 9 | 16–17 | 90 | 10 |
| Aprili | 20 | 12 | 17 | 30 | 13 |
| Mei | 23–24 | 15 | 19–20 | 15 | 14 |
| Juni | 27 | 19 | 22–23 | 3 | 14½ |
| Julai | 29 | 22 | 24–25 | 1 | 14 |
| Agosti | 28–29 | 22 | 25–26 | 1 | 13½ |
| Septemba | 26–27 | 19 | 25 | 20 | 12½ |
| Oktoba | 23–24 | 17 | 23 | 65 | 11½ |
| Novemba | 20 | 13 | 20–21 | 60 | 10½ |

Isome safu ya bahari kabla ya safu ya hewa. Agosti, bahari ya Krete ikiwa kwenye kilele cha joto lake, inalingana na bahari ya Zanzibar ya Agosti hiyohiyo, wakati ambapo yetu iko kwenye baridi yake. Maji yao ya moto kabisa ndiyo maji yetu ya baridi kabisa. Ukisoma mahali kwamba Mei bahari "inaogeleka", fahamu kwamba aliyeandika pengine amezoea maziwa ya Sweden. Mtu wa pwani yetu aanze kuhesabu siku za kuoga kuanzia katikati ya Juni, na azimalize mwishoni mwa Oktoba.

Safu ya mwanga nayo isipuuzwe, hasa na sisi tuliozoea jua kuzama karibu saa ileile mwaka mzima. Saa ya Ugiriki wakati wa kiangazi ni sawa na ya Nairobi na Dar es Salaam, hivyo hesabu ni rahisi. Katikati ya Juni jua linazama Heraklion baada ya saa 2:30 usiku. Katikati ya Septemba ni kama saa 1:30. Katikati ya Oktoba ni kama saa 12:45 jioni. Desemba, saa zikiwa zimerudishwa nyuma kwa saa moja, giza linaanza kuingia saa 11 na dakika chache. Anayekwenda na watoto, au anayetaka kuendesha gari kwenye barabara za milimani zenye kona kali, azihesabu saa hizo kama fedha.

Mei dhidi ya Oktoba

Tuanze na mguu. Safari inayojulikana kuliko zote Krete ni kuteremka Korongo la Samaria, ndani ya Milima Myeupe: kilomita 16 kutoka Xyloskalo, zaidi ya mita 1,200 juu ya bahari, hadi kijiji cha Agia Roumeli ufukweni. Njiani kuna sehemu iitwayo Milango ya Chuma, ambapo kuta za miamba zimeachiana mita 4 hivi tu huku zikipanda mamia ya mita angani. Korongo hufunguliwa kwa kawaida mwanzoni mwa Mei na kufungwa mwishoni mwa Oktoba, na katikati ya msimu hufungwa pia siku za joto la hatari au za tishio la mvua.

Mei, Samaria ni nyingine. Theluji ya juu inayeyuka, maji yanakimbia kwenye mawe, miti imejaa majani mapya. Asubuhi pale Xyloskalo baridi inauma. Bila sweta utaanza safari meno yakigongana, na saa chache baadaye chini umebaki na fulana. Pengine mwanzoni mwa mwezi maji huwa mengi kiasi kwamba njia inachelewa kufunguliwa, kwa hiyo mwenye lengo la Samaria asifike Krete Mei mosi. Aje baada ya tarehe 10. Oktoba njia imekauka, mawe yamelegea, maji ni machache, lakini hewa ni tulivu na watu wamepungua. Tatizo la Oktoba ni saa: mwanga ni mfupi, na Agia Roumeli haina barabara. Utatoka kwa boti kwenda Sougia au Chora Sfakion, na boti haimsubiri aliyechelewa.

Mvua ndiyo inayonifanya niitetee Mei kwa watu wa mguu. Jedwali linaonyesha milimita 15 dhidi ya 65, lakini namba haisemi inavyonyesha. Ya Mei ni manyunyu ya kupita. Ya Oktoba huja kwa dhoruba, kwa sababu bahari bado ina joto wakati hewa ya baridi inapoanza kushuka kutoka kaskazini, na mawingu hushiba upesi. Tarehe 15 Oktoba 2022 mvua ya saa chache iligeuza mitaa ya Agia Pelagia, kijiji cha mapumziko karibu na Heraklion, kuwa mto. Magari yalisukumwa hadi baharini na watu 2 walipoteza maisha. Mito mingi ya Krete ni mikavu sehemu kubwa ya mwaka. Ndiyo sababu mgeni huegesha gari ndani ya mkondo bila kujua, kama anavyofanya mgeni kwenye makorongo ya Dodoma au Turkana. Ukienda Oktoba, usilale wala kuegesha kwenye mkondo mkavu, hata kama anga ni la buluu.

Lakini tusiionee Oktoba. Siku zake nyingi ni nzuri mno. Bahari ya nyuzi 23 mchana mzima, jua lisilochoma, na kisiwa kimeshusha pumzi baada ya msimu. Mwishoni mwa mwezi wenyeji wanaanza kukeneka maganda ya zabibu kwenye mitungi ya shaba ili kupata raki, pombe kali ya kienyeji, na shughuli hiyo huwa ni mkusanyiko wa kijiji, wenye nyama ya kuchoma, viazi na muziki. Anayependa watu kuliko mandhari atapata Oktoba kitu ambacho Mei haina. Na mwenye watoto shuleni Uingereza, ambao likizo yao ya katikati ya muhula huangukia mwishoni mwa Mei na tena mwishoni mwa Oktoba, ninamshauri hivi: kama watoto ni wa kuoga, Oktoba, na mkae kusini, kama ni wa kutembea na kuona, Mei.

Jambo la mwisho kuhusu Mei ni rangi. Krete tuliyoizoea kwenye picha, ya milima ya kahawia na mawe meupe, ni ya kuanzia Juni. Kabla ya hapo kisiwa kina mipopi nyekundu, okidi za mwituni, mashamba ya ngano, na nyuma yake vilele vyeupe. Anayetoka Nairobi au Arusha pengine hajawahi kuona theluji na bahari kwa pamoja, na Mei inampa vyote viwili akiwa amevaa shati tu.

Juni dhidi ya Septemba

Hapa uamuzi ni mwepesi zaidi, kwa sababu hewa ni ileile na mvua ni chache miezi yote miwili. Septemba inashinda kwa bahari: nyuzi 25 dhidi ya 22 au 23. Tofauti ya nyuzi 2 au 3 inaonekana ndogo kwenye karatasi, ila majini ndiyo inayotenganisha mtoto anayecheza saa nzima na mtoto anayetoka midomo imebadilika rangi. Septemba pia upepo wa kiangazi unapoteza nguvu, hasa baada ya katikati ya mwezi, wakati ambapo familia nyingi za Ulaya zimesharudi makwao. Ndiyo maana naishika nusu ya pili ya Septemba kwa mikono miwili.

Juni inashinda kwa mwanga, saa mbili zaidi kila siku, na kwa usafi wa hewa. Jioni ya Juni Krete ni ndefu, na chakula huliwa nje huku anga bado lina rangi. Familia za Tanzania, ambazo shule hufunga katikati ya mwaka, mara nyingi zina Juni tu, na hazina sababu ya kusikitika. Wachague nusu ya pili ya mwezi.

Tahadhari moja kuhusu Juni. Watu wanaichukulia kuwa mwezi mpole, na kwa wastani ni kweli. Lakini Juni 2024 Ugiriki ilipata wimbi la joto mapema kuliko kawaida: Krete ilipita nyuzi 40, Akropolis, magofu ya kale ya kilimani Athens, ikafungwa saa za mchana, na watalii kadhaa walifariki kwenye visiwa mbalimbali wakiwa wametoka kutembea peke yao. Wengi wao walikuwa watu wazima wenye umri mkubwa. Sisi watu wa joto tuna kiburi chetu hapa, tukidhani jua la Wazungu halituhusu. Joto la Krete ni kavu, jasho hukauka kabla hujaliona, na mtu huishiwa maji mwilini bila kulowa shati. Mwenye asili ya Mombasa anaanguka kama mwenye asili ya Manchester.

Julai na Agosti, na upepo unaozitawala

Namba ya nyuzi 29 kwa Julai inaonekana ya kawaida kabisa kwa mtu wa Dar es Salaam. Ni kweli, na sababu yake ni meltemi, upepo wa kaskazini unaovuma kwenye Aegean siku nyingi za Julai na Agosti. Meltemi ni jamaa wa karibu wa kusi yetu. Kiangazi, nchi kavu ya Asia inapopata moto, mgandamizo wa hewa hushuka kuanzia India hadi Anatolia, yaani Uturuki, na hewa hukimbilia huko. Kwetu inapita kutoka kusini, ikasukuma mashua kuelekea Arabia na India. Kwa Wagiriki inashuka kutoka kaskazini, kwa sababu wako kwenye ukingo wa magharibi wa eneo hilohilo na hewa inalizunguka. Wavuvi wa Lamu na wavuvi wa Aegean wanalalamikia kitu kimoja katika miezi ileile.

Kwa msafiri, meltemi ni baraka na adha. Baraka, kwa sababu pwani ya kaskazini inapoa. Usiku unaweza kulala dirisha likiwa wazi. Adha, kwa sababu mawimbi ya kaskazini hukua kwa siku tatu, nne mfululizo. Safari za boti kwenda Balos, ile ghuba ya maji ya kijani kwenye ncha ya kaskazini-magharibi, hufutwa, na fukwe zilizo wazi huinua bendera nyekundu. Mtu aliyelipia wiki nzima karibu na Malia au Rethymno anaweza kukaa nusu ya wiki akiitazama bahari tu.

Basi aende kusini? Ndiyo, lakini achague mahali. Upepo wa kaskazini ukivuka milima hushuka upande wa pili kwa mapigo ya ghafla kupitia kwenye mabonde. Plakias na Frangokastello zinajulikana kwa hilo; mchanga unarushwa hadi unauma miguu. Anayesoma Matendo ya Mitume sura ya 27 ameshakutana na upepo wa jinsi hii. Merikebu ya Paulo iliondoka Bandari Nzuri, ambayo leo inaitwa Kali Limenes, kwa upepo mwanana wa kusini, na mara upepo wa Eurakilo ukaishukia kutoka kisiwani, ukaisukuma hadi Malta. Jiografia haijabadilika. Ninachokipendekeza kusini ni Paleochora, mji mdogo uliokaa kwenye rasi yenye ufukwe pande mbili: wa mchanga magharibi, wa kokoto mashariki. Upepo ukiharibu mmoja, unavuka mji kwa miguu hadi wa pili. Loutro nayo, inayofikika kwa boti au kwa miguu tu, imejificha kwenye ghuba yake na hutulia wakati kwingine kunachafuka.

Meltemi ikikatika, joto la kweli hujitokeza. Na upepo ukigeuka ukatoka kusini, pwani ya kaskazini ndiyo inayoungua zaidi, kinyume na matarajio ya wengi: hewa ya Libya inavuka milima, na inaposhuka upande wa Chania na Heraklion inazidi kupata moto na kukauka. Siku hizo ndizo za nyuzi 40 na zaidi. Ndizo pia siku za moto wa nyika. Mwanzoni mwa Julai 2025 moto uliowaka karibu na Ierapetra, kusini-mashariki, ukisukumwa na upepo mkali, ulilazimisha zaidi ya watu 1,000 kuhamishwa, wakiwemo wageni wa hotelini. Simu yako itapokea ujumbe wa dharura wa 112 wenye mlio mkubwa, kwa Kigiriki na Kiingereza. Usiuzime mlio huo kwenye mipangilio ya simu, na ukiambiwa uhame, hama wakati huohuo.

Nani basi aende Agosti? Mwenye watoto wa shule, na mwenye kuishi Muscat au Dubai, ambaye kwake nyuzi 29 na upepo ni tiba. Apange siku kwa namna ya wenyeji: Knossos, magofu ya jumba la kale karibu na Heraklion, saa 2 asubuhi, lango linapofunguliwa, kwa sababu magofu yale hayana kivuli cha maana, mchana ndani, bahari kuanzia saa 11 jioni. Na akumbuke tarehe 15 Agosti, sikukuu ya Bikira Maria, ambapo Wagiriki wenyewe wanasafiri kwenda vijijini na visiwani. Meli na vyumba hujaa wiki nzima kabla na baada. Mwenye uhuru wa kuchagua tarehe ndani ya kiangazi aende wiki ya mwisho ya Agosti, watu wakiwa wameanza kupungua na bahari ikiwa kwenye ubora wake.

Novemba hadi Machi

Majira haya hayafai kwa mapumziko ya ufukweni, na sitajaribu kuyapamba. Hoteli nyingi za pwani hufunga kati ya Novemba na Aprili, vijiji kama Malia na Hersonissos huwa vitupu, ndege za moja kwa moja kutoka miji ya Ulaya hupungua na utapitia Athens. Meli kutoka Piraeus zinaendelea kuja, ila upepo ukifika kipimo cha 8 cha Beaufort bandari huzizuia nyingi, na ratiba yako hukatika.

Baridi yenyewe, nyuzi 15 mchana na 9 usiku, ni ya mtu wa Njombe au Limuru, wao wataitambua. Shida ni nyumba. Sakafu ni za marumaru, kuta ni za mawe, na chumba kilichojengwa kwa ajili ya Agosti hakina joto Januari. Uliza kama kuna hita kabla ya kulipa.

Bado kuna watu ninaowatuma Krete Novemba bila wasiwasi: wapenda historia. Jumba la Makumbusho ya Akiolojia la Heraklion, lenye hazina za Minoa, ustaarabu wa kale uliojenga Knossos, unaweza kulizunguka ukasimama mbele ya kila kitu bila kusukumwa. Chania ni mji unaoishi mwaka mzima, wenye soko, wanafunzi na mikahawa ya wenyeji. Mavuno ya zeituni yanaendelea kila mahali, nyavu zimetandazwa chini ya miti. Hata ada ya serikali kwa kila chumba kwa usiku iko chini: tangu 2025, hoteli ya nyota 4 inatoza euro 10 kuanzia Aprili hadi Oktoba, lakini euro 3 miezi mingine, ya nyota 5, euro 15 dhidi ya 4. Kwa kukaa wiki mbili, tofauti hiyo inalipa milo kadhaa.

Machi na Aprili ni za kubahatisha. Siku moja ni ya maua na jua la upole, inayofuata ni ya vumbi la Sahara. Machi 2018 vumbi hilo liliifunika Heraklion hadi anga likawa la rangi ya chungwa. Mwenye pumu aikwepe miezi hiyo. Kinachoweza kumshawishi mtu ni Pasaka ya Kiorthodoksi, ambayo mara nyingi haiangukii siku moja na yetu: 2027 ni tarehe 2 Mei, na mwaka huo Pasaka na hewa nzuri vitakutana, jambo lisilotokea kila mara.

Viza na siku za wiki

Ugiriki iko ndani ya Schengen, eneo la nchi za Ulaya zenye viza moja. Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya au Uganda anayeishi Ujerumani au Uholanzi kwa kibali halali cha ukaazi hahitaji viza nyingine. Anayeishi London, Muscat au Dar es Salaam anaihitaji. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari. Kwa Septemba, anza Machi au Aprili, kabla ya wale wa Julai na Agosti hawajajaza nafasi za miadi.

Ukishapata mwezi na pwani, acha siku mbili au tatu za wiki bila kuzipangia kitu. Usinunue tiketi ya boti ya Balos ukiwa nyumbani, wala usiifunge Samaria kwenye tarehe moja. Ukifika, tazama utabiri wa upepo kila jioni. Wa kaskazini ukizidi, nenda kusini au milimani kesho yake. Ukitulia, ndiyo siku ya Balos. Wa kusini ukianza kuvuma kwa joto, kaa karibu na maji na uyaache makorongo hadi upite.